Pakiti Kumi na Nne

Habari za kifo cha Mzee Sefu zilinikuta Mikumi, nikiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga na ndoo yangu ya mahindi, na kitu cha kwanza nilichokihisi kilikuwa hofu. Huzuni ilikuja baadaye, ndani ya gari, tulipokuwa tumeshaipita Kisanga na vumbi limeshanijaa kwenye nyusi. Nasema hofu kwa sababu kuna jambo ambalo kwa miaka thelathini tulilibeba watu wawili, kila mmoja kwa upande wake, bila kulizungumza hata mara moja, na sasa mwenzangu alikuwa ameliachia. Nilifika Kilosa maziko yameshafanyika. Nikakaa mkekani na wanawake, nikaletewa ubwabwa na maharage, na nyuma ya ukuta wa matofali mabichi nikawasikia wanaume wakimsifia marehemu, jinsi alivyotunza mali za watu tangu enzi za mkonge pasipungue kitu. Mmoja akasema kuna mwaka walimzushia wizi, nusura atolewe kwenye chumba alichozaliwa, mpaka ikagundulika kuwa ni msichana mmoja wa stoo, tena wa misheni, ndiye aliyeharibu vitu akaficha. Mama aliyekaa karibu yangu aliniuliza kama pilipili imenikaba. Nikamwambia ndiyo, maana msichana aliyekuwa akisemwa ni mimi na sikuwa tayari kujitambulisha.

Nilikuwa na miaka ishirini kasoro miezi. Habari za nyumbani Berega naziruka, zina mahali pake. Nilichokwenda nacho Kilosa kilikuwa cheti cha kidato cha nne, sanduku la bati, na sifa ya usafi niliyoipata bwenini, ambako mwalimu wa zamu alizoea kuwaita wenzangu waje waone nilivyotandika kitanda. Sifa hiyo ndiyo iliyonipa kazi. Nje kidogo ya mji kulikuwa na shamba la mkonge lililokuwa limekufa nusu, na ndani yake bwawa lililochimbwa zamani kwa ajili ya maji ya kiwandani. Mzungu mmoja wa enzi hizo alitia humo samaki wa kwao, mnene, mwenye mdomo unaoweza kumeza ngumi, na watu wa kambini wakamwita mdomo, basi. Mwenye shamba mpya akaona kuwa wageni wanaokuja kutazama tembo Mikumi wanaweza kuvutwa mpaka kwetu wakae siku mbili, wamvue samaki huyo na kumrudisha majini. Hilo la kumrudisha majini lilitushinda kulielewa, lakini amri ilikuwa amri: mfanyakazi yeyote wa shamba haruhusiwi kumvua mdomo, na atakayeonekana na magamba yake jikoni atafungasha. Stoo ya vifaa vya kuvulia ilihitaji mtu. Meneja, Bwana Lukindo, aliniajiri kwa mwaka mmoja wa majaribio, akaniambia nikiumaliza salama nitapewa kazi ya kudumu. Katika darasa letu nilikuwa msichana wa kwanza kushika mshahara wa kila mwezi, na tangu siku niliyousaini mkataba ule sikupata raha, nikiwaza tu ni kwa kosa gani nitaupoteza.

Stoo yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha paa la bati lisilo na dari, kilichokuwa zamani cha kupimia mizigo ya mkonge. Ifikapo saa sita mchana bati lilianza kulia lenyewe kwa joto, ta, ta, ta, na mimi ndani nimekaa na kitambaa cha jasho shingoni nikifuta vumbi kwenye vitu ambavyo vumbi halijavifikia. Ukutani zilisimama fito kumi na mbili za kuvulia, kila mmoja na rili yake ya kukunjia uzi. Kwenye rafu kulikuwa na mikebe ya ndoano na vipande vidogo vya risasi, na juu yake vining'inio vya vyambo. Sikujua hata kimoja kinafanya nini. Aliyenifundisha ni Mzee Sefu, aliyeshika pampu na bwawa na kuwaongoza wageni kwenye mtumbwi. Baba yake alikuja kukata mkonge kutoka Kigoma na hakurudi. Yeye alizaliwa kambini, kwenye chumba kile kile alichokuwa akiishi na mkewe, Mama Mwanaidi, na hakuwa na pengine popote duniani pa kwenda. Chumba changu kilipakana na chao. Ukuta ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nilijua siku wanazogombana na siku wanazocheka.

Wengi wanadhani kuvua ni kusubiri. Kwa samaki yule kazi kubwa inafanyika stoo, kabla hujafika majini, na mzee alinifundisha kwa ukali wa kutania, kama anavyofundishwa mke mpya wa ndugu yako. Alinipa fito mbili nizishike kwa zamu nikiwa nimefumba macho, naye akizivuta ncha. Ufito laini unapinda mpaka katikati, na huo ni wa chambo chepesi kwenye maji ya wazi. Mgumu unapinda nchani tu, na huo ndio wa nyungunyungu wa mpira. Nyungunyungu wale walikuwa wa mpira laini kabisa, wa urefu wa kiganja, na ndoano unaificha ndani ya mwili wao ili isinase kwenye visiki vilivyozama na majani yaliyosukana chini ya bwawa. Samaki akidaka, sharti uvute kwa nguvu ndoano itoboe mpira kwanza ndipo imfikie, na ufito laini hauna nguvu hiyo. Uzi mnene penye visiki, mwembamba penye maji meupe. Risasi ndogo, ili chambo kizame polepole, kwa sababu mdomo hudaka kitu kinapozama, si kinapovutwa. Nilijifunza yote hayo isipokuwa rangi. Kila aliponiambia nichague, mkono wangu ulikwenda kwenye mwekundu mwenye vimetameta. "Foibe, huchagui kitenge cha harusi," akaniambia. "Aliye chini haoni unachokiona wewe. Nenda kwanza ukatazame maji, ndipo uje kutazama rafu." Basi nikawa kila asubuhi nashuka bwawani. Maji yakiwa kama chai ya maziwa baada ya mvua, nachukua mweusi au wa zambarau, mwenye mkia mpana unaopigapiga. Yakitulia kiangazi nachukua wa kijani kilichofifia, mwembamba, asiye na fujo. Mwezi wangu wa tano wa kazi mzee alikuja stoo, akatazama nilichowaandalia wageni, akaondoka bila kubadilisha kitu, na furaha niliyoipata siku ile naweza bado kuionyesha ilipokaa.

Kila Alhamisi nilikula kwao. Mama Mwanaidi alinigongea ukuta mara mbili, nami nikaenda na kigoda changu. Chumba kilikuwa na kitanda cha chuma nyuma ya pazia la maua, kabati la vyombo lenye kioo kilichopasuka, na jiko la mkaa mlangoni. Tulikula ugali na samaki wa kuunga kwa nyanya na karanga, samaki mkubwa, nyama nyeupe isiyo na miiba midogo, ambaye Mama Mwanaidi alikuwa akimtoa ngozi kabisa kabla ya kumpika. Sikuuliza ametoka wapi. Nilidhani ni mto Mkondoa, au sikudhani kitu, maana mtu akikulisha unatazama sahani. Mzee alikula kimya, mkewe akisimulia habari za kambi nzima, na mara moja moja wakatupiana neno la Kiha ambalo hawakunitafsiria.

Katikati ya mwaka Meneja alinichukua mpaka Mikumi kumsindikiza mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Mgeni alikuwa amelipenda bwawa letu, akatuachia begi la nyungunyungu wapya wa mpira, pakiti kwa pakiti, za aina tofauti tofauti. Meneja aliziorodhesha pale pale barazani pa hoteli, akaikunja orodha mfukoni. Mimi nilikuwa nimevuka barabara, kwenye vibanda yanakosimama malori, na nikanunua maboksi mawili ya plastiki ngumu, ang'avu kama maji, yenye vyumba vyumba ndani na kifuniko cha kubana. Niliyapenda kuliko nilivyopenda gauni lolote. Tuliporudi kufuli ya stoo ilikuwa imeharibika, kwa hiyo begi likalala siku tatu kwenye chumba cha pampu, kwa Mzee Sefu, na kufuli ilipotengenezwa nikalichukua bila kuhesabu. Nani angemhesabia Mzee Sefu.

Nilipofungua pakiti ya kwanza, mafuta yalinichirizika vidoleni, na harufu yake ilikuwa ya dawa ya kikohozi. Kwa malezi ya bweni niliyopitia, kitu chenye mafuta na harufu ni kitu kichafu. Nikachota maji ndoo mbili, nikatia sabuni ya unga, nikawaosha nyungunyungu wote wa kwenye begi isipokuwa wa pakiti mbili nilizozitundika ukutani kwa maonyesho. Nikawaanika kivulini juu ya kanga. Walipokauka nikawapanga kwenye boksi moja kwa rangi, weusi kwa weusi, kijani kwa kijani, wekundu wenye vimetameta katikati kama ua. Meneja alipopita nilimwonyesha. Akasema mtu wa misheni ni mtu wa misheni, akaenda zake, nami nikalifunga boksi na kuliweka rafu ya juu kabisa, karibu na bati, ili mtu asije akalichezea. Bwawa lilifungwa kwa miezi miwili iliyofuata, hakukuwa na wageni, na sikulifungua tena.

Nililifungua asubuhi moja ya kiangazi, siku chache kabla ya hesabu ya vifaa. Niseme nililivunja, maana kifuniko kilikuwa kimegandana na boksi. Ndani hapakuwa na weusi wala kijani. Palikuwa na kitu kimoja tu, kama ugali mwororo wa rangi ya matope, chenye vimetameta, na kuta za vyumba vya boksi zilikuwa zimelika mpaka zimelala. Miaka mingi baadaye mgeni mwingine alinieleza kuwa mpira ule laini hula plastiki ngumu, tena wa aina moja hula wa aina nyingine, na joto huuharakisha, ndiyo maana kila mmoja hukaa kwenye pakiti yake na mafuta yake. Siku ile nilichoelewa ni kwamba nimemaliza vyambo vya msimu mzima kwa sabuni na usafi. Sikufikiri, na hilo si kujitetea. Nilichukua boksi lile lilivyo pamoja na pakiti tupu nilizokuwa nimezihifadhi, nikaenda choo cha shimo cha nyuma ya karakana, nikatupa. Pakiti nilizitupa moja moja, nikizihesabu kwa mdomo kama mtu anayesali. Zilikuwa kumi na moja.

Jumatatu Meneja alifanya hesabu. Aliitoa orodha yake, akatazama ukuta wenye pakiti mbili, akaniuliza zingine ziko wapi. Nikasema sijui. Neno lenyewe dogo hivyo. Hakuniuliza mara ya pili, kwa sababu akili yake ilishakwenda kwa mtu ambaye begi lilikaa kwake siku tatu na aliyejua vitu vile vinafanya nini majini. Jioni ile ile Mzee Sefu aliambiwa kuwa kazi imekwisha, na chumba akikabidhi Jumamosi ya wiki ya pili, siku ambayo wageni wa msimu wangefika. Nilisikia yote kupitia ukutani. Mama Mwanaidi aliuliza mara tatu, "Kwani wamekuona?" na mzee hakujibu, na mimi nikadhani kimya chake ni cha mtu aliyeonewa asiye na la kusema. Alhamisi ukuta haukugongwa. Nilisikia sufuria zikipangwa ndani ya sufuria, kabati likivutwa, mwanamke akilia kidogo kidogo huku akiendelea na kazi. Kula nilishindwa. Kila hatua niliyoisikia nje niliona ni Meneja amekwenda kuchungulia chooni. Nilijiambia nitasema kesho, na kesho ikifika najiambia mkataba wangu umebakiza miezi miwili tu, na baada ya hapo nitakuwa mtu wa kudumu na nitaweza kumsaidia mzee vizuri zaidi. Nilikaa na uongo huo siku nane. Najichukia kwa siku zile nane kuliko kwa jambo jingine lolote nililowahi kufanya.

Siku ya tisa, Jumanne, nilikwenda ofisini. Ofisi ile ilijengwa na watu wa zamani, kuta nene, madirisha marefu, baridi ndani hata mchana. Nilisimama nikashika kiti.

"Meneja, vile vyambo havikuibwa," nikasema. "Niliviosha mimi, nikaviweka kwenye boksi, vikayeyuka. Nikavitupa chooni."

Alinitazama kwa huruma, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Mpira umeyeyuka wenyewe, ndani ya boksi, bila moto?"

"Ndiyo."

"Foibe, najua mke wa Sefu amekulisha mwaka mzima. Ni vizuri kumwonea mtu huruma." Akavuta orodha yake, akaondoa zile mbili za ukutani. "Pakiti kumi na nne zote ziliyeyuka kwenye boksi moja?"

Sijawahi kufikiri haraka kiasi kile, wala kabla wala baadaye. Kumi na nne. Mimi nilitupa kumi na moja. Niliona chumba cha pampu na begi limelala siku tatu. Niliona sahani ya Alhamisi, nyama nyeupe, ngozi imetolewa isibaki gamba, na Mama Mwanaidi akiuliza kama wamemwona. Nikaelewa kuwa Meneja alikuwa amekosea kwa pakiti kumi na moja na kupatia kwa tatu, na kwamba nikisema ukweli wote, ule niliokuja kuutoa baada ya kuukimbia siku nane, mzee anatoka kwenye chumba chake kwa haki. Samaki wake nilikuwa nimemla mimi pia.

"Ndiyo, Meneja," nikasema. "Zote kumi na nne."

Kisha akaniagiza nimletee boksi langu la pili na zile pakiti mbili za ukutani. Akazipasua mwenyewe, akawalaza nyungunyungu wale ndani ya boksi, wa aina mbili pamoja, akabana kifuniko, akalifungia boksi kwenye kabati lake na kutia ufunguo mfukoni. "Leo Jumanne," akasema. "Jumamosi asubuhi nitafungua. Wakiwa wazima, Sefu anakwenda, na wewe unakwenda naye kwa kunidanganya." Nilitoka mle nikijua jambo ambalo yeye hakulijua: stoo yangu ilikuwa tanuri na kabati lake lilikuwa jokofu. Vyangu viliyeyuka kwa majuma. Nilitaka kurudi nimwombe aliweke juani, lakini niliona jinsi ombi hilo litakavyosikika.

Siku nne zile nilizipitisha nikitazama mbingu. Nilikuwa mtu wa shamba niliyeomba mvua maisha yangu yote, na sasa naomba jua. Jumatano kukawa na mawingu. Alhamisi pia. Nilipita chini ya dirisha la ofisi kwa visingizio, nikagusa ukuta kwa kiganja, nao ulikuwa wa baridi kama mtungi. Halafu likaja wazo jingine likanikaa kifuani: boksi lile lina vyumba kumi na viwili tu, na pakiti kumi na moja zilijaa mpaka kifuniko kikabana kwa shida. Meneja akikaa akapiga hesabu ya nafasi, ataona kuwa kumi na nne haziingii. Kila nilipomwona ameinamia karatasi nilidhani anapiga hesabu hiyo. Mzee Sefu nilikutana naye mara moja, njia ya bwawani. Alikuwa ameshasikia kuwa nimekwenda kusema. Kambi haina siri. Alikuwa ameshaambiwa pia ni pakiti ngapi nilizokiri. Alisimama kando ya njia nipite, macho yake chini kwenye ndoo aliyoibeba.

Jumamosi asubuhi kitanda cha chuma kilikuwa kimeshatolewa nje, kimesimamishwa kwa ubavu, na mkokoteni unasubiri. Meneja alituita sote wawili ofisini. Akafungua kabati, akaweka boksi mezani, akajaribu kifuniko. Kikagoma. Akachukua kisu cha kufungulia barua, akakibinua kifuniko mpaka kikakatika pembeni. Nyungunyungu hawakuwa uji kama wangu. Walikuwa na maumbo yao, ila walikuwa wamelowa na kulegea, na mmoja aliponyanyuliwa alivutika kama uzi mrefu, na mahali alipolala boksi lilibaki na bonde la umbo lake. Meneja akagusa bonde lile kwa kidole, kidole kikanata.

"Warudishe kitanda ndani," akasema.

Mzee Sefu akatoka bila kunitazama. Mimi niliambiwa nimalizie mwezi, kisha mkataba hautaendelea, si kwa kuyeyusha bali kwa kuficha na kumwacha mzee wa watu aumbuke siku nane. Lilikuwa neno la haki na sikulipinga. Wageni walifika mchana ule, hawakukuta chambo cha mpira hata kimoja, na mzee akawachimbia nyungunyungu wa kweli kwenye migomba ya Mama Mwanaidi. Walivua vizuri kuliko msimu wowote, jambo ambalo lingetuchekesha sote mwaka mwingine. Ukuta uligongwa tena Alhamisi iliyofuata. Nilikwenda na kigoda changu, nikapewa ugali na mchicha, na Alhamisi zote zilizobaki zilikuwa za mchicha. Nilikula nikiogopa kwamba nikisema mchicha ni mtamu itaonekana nasema jambo jingine.

Siku ya kuondoka nilipanda lori la shamba lililokuwa likienda Dumila kuchukua mahindi ya wafanyakazi. Mzee Sefu alikuwa ameshakaa nyuma, akasema anakwenda kusaidia kupakia, ingawa wapakiaji walikuwapo watatu. Njia nzima tulitazama mkonge. Dumila alinishushia sanduku langu la bati, akalibeba begani mpaka kwa mama lishe aliyekuwa kando ya barabara, akaliweka chini ya benchi nilipokaa. Niliagiza chai nikingoja basi la kunisogeza Berega. Wauza vitunguu wawili walikuwa wamekaa benchi lile lile, na mama lishe amesimama juu yetu na birika. Nilidhani mzee atanitakia safari njema aende. Akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kitanda akanitazama machoni.

"Shikamoo," akaniambia.

Nilidhani nimemsikia vibaya. Alikuwa amemzidi baba yangu umri. Wauza vitunguu wakageuka, na yeye akabaki amesimama vile vile, kofia mkononi, akisubiri. Niliona kuwa nikicheka na kumgeuzia mimi shikamoo, kama inavyonipasa, nitakuwa nimemrudishia mzigo wake mkononi aende nao Kilosa. Na nikiitikia, nitakuwa nimefanya jambo ambalo mtoto wa watu hafanyi, mbele ya watu. Niliogopa kuliko nilivyoogopa ofisini. Nikaweka kikombe chini, nikasimama.

"Marahaba," nikamwitikia.

Mabega yake yakashuka. Akavaa kofia, akageuka kuelekea kwenye lori, na alikuwa hajafika mbali mama lishe alipoweka birika kwa kishindo. Akaniuliza mzee mzima ananiamkia na mimi naitikia, nimekuwa nani. Wauza vitunguu wakasonya. Mmoja akasema wasichana wa siku hizi wakishashika mshahara wanataka waamkiwe na baba zao. Mzee alisikia. Nilimwona akisimama, mgongo kwetu, mguu mmoja mbele, na nilijua anachokifikiri, kwa sababu kulikuwa na njia moja tu ya kunitetea na ilikuwa ni kueleza kwa nini. Kisha akapanda lori.

"Umelelewa wapi wewe?" mama lishe akaniuliza.

Nikamwambia Berega, misheni. Akakichukua kikombe changu kikiwa bado nusu, akaimwaga chai mbele ya miguu yangu, akaniambia kama nimekuwa mkubwa hivyo, nikamsubiri dereva wangu juani.